Nahodha Wetu Ana Miaka Mitano

Mume wangu ana miaka mitano.

Msicheke kwanza. Ana jino moja la mbele linalotikisika, anaogopa mbwa wa jirani, na kufunga kamba za viatu bado hajui. Lakini siku boti yetu ilipozimika katikati ya barafu, yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha nahodha. Mimi mke wake, kikongwe mwenye mvi, nilikuwa nimekaa sakafuni sijui la kufanya.

Ngoja niwaeleze taratibu.

Huku kwetu, kaskazini mwa Upernavik, katika nchi ya barafu, mtu akifa jina lake halizikwi. Mtoto anayezaliwa baada yake hulichukua, awe wa kike awe wa kiume, na akilichukua jina amechukua na kiti.

Marehemu mume wangu aliitwa Kunuk. Mapafu yalimtoa duniani wakati wa baridi. Theluji haijayeyuka juu ya kaburi lake, mwanangu Salik akapata binti. Tukamwita Kunuk.

Basi tangu akiwa ananyonya nilikuwa nasema, "Mume wangu ameshiba, mlazeni." Na yeye akitaka kitu kwangu, ananiita mke wangu. Asipotaka kitu, mimi ni bibi tu.

Kulikuwa na mzee mmoja, Gaaba, rafiki wa marehemu. Waliwinda pamoja tangu ndevu hazijawaota. Gaaba akiua sili, yule mnyama wa baharini tunayemla, ini la kwanza haliendi kwake. Analileta kwa yule mtoto, anavua kofia mlangoni, anainama.

"Nahodha, shikamoo."

"Marahaba, Gaaba. Umechelewa."

Tunacheka mpaka kahawa inamwagika. Lakini Gaaba hacheki. Anamkabidhi ini lake kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimgawia mwenzake.

Mtoto wa namna hiyo hakatazwi kitu. Utamgombezaje mtu aliyekulisha maisha yako yote?

Kitu kimoja alirithi bila kupenda. Utani wa fundo.

Zamani, Kunuk na Gaaba wakiwa vijana, walitoka na boti ya baba yake Kunuk. Wakaifunga kwenye mwamba, maji yakajaa, fundo likafunguka, boti ikaenda zake. Ilipatikana imesagwa na barafu. Walipoulizwa nani alifunga, Kunuk akasema, "Mimi."

Alichekwa hadi kaburini. Akishika kamba tu, mtu anasema, "Jamani, asifunge Kunuk." Siku ya mazishi, tunafunga kamba za kushushia jeneza, Mikaline jirani yangu akasema kwa sauti ya chini, "Afadhali leo hafungi yeye." Tukacheka huku tunalia.

Na huyu mdogo naye, akiinama kufunga viatu, watu wanamwambia, "Nahodha, utaenda pekupeku."

Haya, shikeni hilo la fundo. Mtalihitaji mbele.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mbu wamekufa na matunda meusi ya mlimani yameiva. Salik akaniambia, "Mama, vaa viatu. Twende Kisiwa cha Ndege tukachume."

Mkewe Arnaq alikuwa zamu dukani. Tukapita kumwambia. Kisiwa cha Ndege, jioni tunarudi, tunakula wote.

"Msimpe kahawa mtoto," Arnaq akasema.

"Hatumpi," nikasema, na themosi nimeificha nyuma.

Boti ni ile ile ya marehemu. Nyeupe, ina kibanda mbele na jiko dogo. Nafasi yangu ni juu ya sanduku, kando ya jiko. Nimekaa hapo tangu boti ilipokuja kijijini ikinuka rangi. Usukani sijawahi kuugusa. Redio ya upepo sijawahi kuigusa. Kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa na kusema "polepole."

Kunuk mdogo alikaa kwenye kiti cha nahodha, mito miwili chini yake ili aone mbele. Salik akaendesha amesimama nyuma ya kiti, mikono ikipita juu ya mabega ya bintiye. Ndivyo tunavyosafiri siku zote.

Bahari ilikuwa imelala. Milima ya barafu imesimama mbalimbali, kila mmoja na shughuli zake. Tulikuwa tumekiona kisiwa, ndege wakipiga kelele, mtoto akanyoosha kidole upande mwingine kabisa.

"Sitaki kisiwa. Nataka kule."

"Kule kuna nini, nahodha?" Salik akauliza.

"Nataka tu."

Salik akanigeukia. "Mama, unasemaje?"

"Mwenye boti ameshasema. Mimi ni abiria."

Akacheka, akakata usukani.

Wanangu mnaosoma, hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu. Mtu wa nchi nyingine angemwambia mtoto, kula biskuti yako unyamaze. Sisi tulimtii kwa ajili ya jina. Tena tulimtii kwa furaha, wala haikutujia kumwambia mtu yeyote kwamba tumegeuza njia.

Pwani ile ina mahori mengi, mikono ya bahari inayoingia kati ya milima, mengine yamebanana kama vidole. Tukaingia katika mojawapo. Ndani kulikuwa na barafu nyingi kuliko nilivyotegemea, mapande kwa mapande. Salik akapunguza mwendo. Nikammiminia kahawa.

Alipokea kikombe. Kikombe kikaanguka.

Nikadhani ameungua. "Salik, pole. Umeungua?"

Akanitazama. Nusu ya mdomo wake ilikuwa ya mwanangu. Nusu nyingine ilikuwa imeshuka.

"Ma," alisema. Hakumalizia.

Akateremka taratibu kati ya kiti na ukuta, kama nguo inayotoka kwenye msumari. Na hapo hapo injini ikazimika.

Kama mmewahi kuwa baharini injini inyamaze ghafla, mnajua. Masikio yanauma. Unasikia maji yakigonga boti, na unasikia barafu. Barafu ina sauti, inatoa mapovu kama kitu kinachokaangwa mbali.

Salik ni mtu mkubwa. Nilimvuta mabegani, hakusogea. Nikavuta tena. Alikuwa anapumua kwa kukoroma na jicho moja linanifuata. Kile kikamba chake chekundu, anachojifunga kiunoni akiendesha, kilikuwa kimechomoka, kiko sakafuni. Nikakiokota nikakitia mfukoni mtoto asijikwae.

Nikageuza ufunguo wa injini. Ikalia, haikuwaka. Nikageuza tena. Ikalia, haikuwaka.

Nikaitazama simu. Mtandao wa kijijini haufiki kule.

Ikabaki redio ya upepo. Nilikuwa nimemwona marehemu maisha yote. Anaichukua ile ya kuongelea, anaikumbatia kwa kiganja, anabonyeza ubavuni kwa kidole gumba, anaongea. Nikaichukua, waya wake ukanifikia hadi pale sakafuni. Nikabonyeza.

"Hapa ni Eliisa," nikasema. "Eliisa wa marehemu Kunuk. Mwanangu Salik ameanguka, uso umepinda, haongei. Hatuko Kisiwa cha Ndege. Tuligeuza. Tumo ndani ya hori, jina lake silijui. Njooni."

Kimya.

Nikarudia yote, polepole, kama mtu anayesoma kanisani.

Kimya.

Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, kama unavyomshika mtu asiondoke. Hakuna aliyejibu. Wala mlio wa redio, ule mkwaruzo wake wa siku zote, haukusikika.

"Mke wangu," mtoto akasema kutoka juu ya kiti, "baba amelala?"

"Amechoka."

"Mbona macho yako wazi?"

Nilikipakata kichwa cha Salik, nikakilaza ubavu mate yasimpalie. Mkono wa kushoto uko chini ya shavu lake. Wa kulia umeshika redio, sikutaka kuiweka chini. Nikiondoa mkono huu, mwanangu anapaliwa. Nikiondoa ule, nimekata tamaa. Basi nikabaki hivyo, mikono yote ina kazi na hakuna kazi inayofanyika.

"Kunuk, wewe ni nahodha," nikamwambia. "Kaa hapo hapo. Tazama barafu, uniambie unachokiona."

"Naona nyeupe."

Nikainua macho. Ukungu ulikuwa umeingia. Ukungu wa kwetu haubishi hodi. Milima haikuwepo, maji hayakuwepo, kulikuwa na kioo cha kibanda na nyuma yake kama maziwa.

Mtoto akaanza kulia, kile kilio cha chini kinachotafuta ruhusa. Nikajua akilia yeye nitalia na mimi, na nikilia mimi mkono wa kushoto utatetemeka.

Nikaanza kuongea.

Niliongea vile ninavyoongea naye nyumbani, kama na mume wangu. Sikujua namna nyingine ya kutulia.

"Una njaa, mume wangu? Fungua ule mfuko. Kuna samaki mkavu wa Mikaline. Mgumu kama soli, hajawahi kujua kukausha samaki yule, lakini tafuna."

Akatafuna. "Mgumu."

"Si nimekwambia."

Akashuka kitini, akavua koti lake jekundu, akaifunika miguu ya baba yake. Halikufika hata magotini. Akalivuta kushoto, akalivuta kulia, akaona halitoshi, akavua na kofia akaiweka juu ya mguu uliobaki. Halafu akarudi kitini kwake kutazama barafu bila koti na bila kofia. Sikumwambia avae.

Muda ukapita. Salik alikoroma, akanyamaza, akakoroma. Kila akinyamaza na mimi nilinyamaza.

"Redio hii imekufa, Kunuk," nikamwambia mtoto. "Hakuna anayetusikia. Tuko peke yetu, mimi na wewe na Salik wetu, kama siku alipozaliwa."

"Mke wangu, naona mbwa."

"Mbwa gani huku?"

"Mbwa wa jiwe. Amelala."

Nikanyoosha shingo. Ukungu ulikuwa umeachana kidogo upande wa pwani, na katika upenyo ule nikaliona. Mwamba mweusi, umelala, pua juu ya miguu yake ya mbele.

Nilimtambua mbwa yule.

Nilikuwa nimefika pale mara moja maishani, nikiwa msichana. Jina la hori lile sikulijua wakati ule wala baadaye. Nilikuwa namtazama mvulana, si ramani.

"Kunuk," nikasema, na sijui nilikuwa naongea na yupi kati ya wawili. "Unamkumbuka huyu mbwa?"

"Hapana."

"Ngoja nikukumbushe. Wazazi wangu walipiga hema kwenye hori la pili, nyuma ya mlima huu. Mkaja kuniiba asubuhi, wewe na Gaaba, kwenye boti ya baba yako. Baba yangu hakutaka hata kusikia jina lako. Tukaja hapa. Maji yalikuwa baridi na mimi nina viatu vipya, ukanibeba mgongoni mpaka kwenye mkia wa huyo mbwa."

"Nilikuwa na nguvu?"

"Ulikuwa mwembamba kama kasia. Lakini ulinibeba. Na wakati umenibeba, Gaaba ndiye aliyefunga boti."

Lile jambo halikuwahi kutoka mdomoni mwangu. Lakini nilijua hatutoki pale, na redio imekufa, na mwenye siri yupo mbele yangu anatafuna samaki.

"Gaaba alifunga, mume wangu. Si wewe. Mtu aliyebeba mwanamke mgongoni atafunga kamba kwa mkono upi? Boti ilipokwenda tulipanda mlima kwa miguu. Mimi nikajipenyeza hemani kama niliyetoka kuchuma, nyinyi mkaenda kusema boti imepotelea nje visiwani, ili nisitajwe. Na baba yako alipouliza nani alifunga, ukasema wewe. Gaaba alikuwa yatima, analelewa na mjomba mwenye mkono mzito. Angefukuzwa. Ukachekwa miaka yako yote, wewe unayefunga fundo kuliko mtu yeyote pwani hii. Nilikuwa naumia wakikucheka. Ulikuwa unanifinya chini ya meza ninyamaze."

Mtoto alifikiri.

"Gaaba hajui kufunga?"

"Hajui. Gaaba ni mtu mwema, lakini kamba hajui, na kuimba kanisani hajui, anatupoteza wote."

Alicheka. Nikamsimulia mengine ya ujana, saa nzima na zaidi, mpaka samaki akaisha. Ghafla akaacha kucheka.

"Bibi. Mlima unakuja."

Aliniita bibi. Hakutaka kitu, alikuwa anaogopa.

Nikauona. Ukungu ulikuwa unabadilika rangi, kutoka mweupe kwenda samawati, na ile samawati ilikuwa inapanda juu bila mwisho. Mlima wa barafu. Ulikuwa haukimbii. Ulikuwa unakuja tu, au sisi tunaenda, nani anajua. Baridi yake ilifika kabla yake.

Kuna mti wenye ndoano wa kusukumia barafu, uko nje ubavuni. Kuufikia ni lazima nikiache kichwa cha Salik. Na nikiufikia, nisukume mlima?

Nilikaa. Nawaambia kweli, nilikaa tu. Nimezaa, nimezika, nimechuna sili kwenye dhoruba, na siku ile nilikaa kama mzigo uliosahauliwa gatini.

"Kunuk," nikasema, "mume wangu, mimi siwezi. Nimekaa juu ya sanduku hili maisha yangu yote, sikukuuliza hata siku moja hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini. Nisamehe. Sijui kumsaidia mwanetu."

Yule mtoto akashuka. Akaja akanikalia ubavuni, mashavu yake ya baridi shingoni kwangu.

"Mke wangu, usilie. Nitakupa kiti changu."

Ubavu wa boti ukagusa barafu. Haikuwa kishindo. Ilikuwa mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Boti ikainama, themosi ikaviringika, kisha boti ikasimama tena. Nikafumba macho nikisubiri mlima upinduke, maana hupinduka, na ukipinduka hakuna cha kusimulia.

Haukupinduka.

Nikasikia injini.

Ndogo, ya zamani, inayokohoa. Nikadhani ni kifua cha Salik. Mtoto akainua kichwa.

"Gaaba," akasema, kama anayesema chai imechemka.

Alitokea ndani ya ukungu amesimama kwenye kijiboti chake cha wazi, akisukuma mapande ya barafu kwa kasia. Hakuwa na kofia. Miguuni alikuwa na ndala zake za manyoya za jikoni, zimelowa chapachapa. Alikuwa ametoka nyumbani kama alivyokuwa mezani.

Akatuona wote watatu. Akashusha pumzi. Ndipo akainama.

"Nahodha, shikamoo."

"Marahaba, Gaaba. Umechelewa."

"Nimechelewa, kweli," akasema. Akatupa kamba, akaanza kuifunga boti yake kwenye yetu.

Mtoto akatoa kichwa nje.

"Gaaba. Funga vizuri."

Yule mzee akasimama, kamba mkononi. Akamtazama mtoto. Akafungua alichofunga, akafunga upya, polepole, mara mbili.

Nilishangaa. Lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa. Alishaingia, amepiga magoti mbele yangu, amemgusa Salik shingoni.

"Yu hai, shemeji. Sasa nipe hiyo redio."

"Imekufa, Gaaba. Nimeita mpaka basi."

"Nipe mkono."

Hakuvuta redio. Alichukua mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, kama anavyolichukua lile ini. Kidole gumba kilikuwa kimekauka juu ya kitufe, cheupe, sikukisikia. Akakinyanyua taratibu, kama unavyomnyanyua kifaranga.

Na redio ikaongea.

Iliongea kwa sauti kumi pamoja. "...Eliisa, tunakusikia, Eliisa..." "...boti mbili zimeshageuka kutoka kisiwani..." "...Mama, ni Arnaq, nipo hapa, mwambie Salik nipo..." Mtu alikuwa analia. Mtu alikuwa anaomba. Na katikati ya yote sauti ninayoijua tangu utoto ikasema, "Eliisa, hapa ni Mikaline. Samaki wangu si mgumu. Rudini mle kwa adabu."

Niligeuka nikamtazama Gaaba. Nadhani mdomo ulikuwa wazi.

"Ukibonyeza unasikika," akasema. "Ukiachia unasikia. Hukuachia, shemeji. Hata mara moja."

Niliichukulia kama simu. Nilidhani nikiachia, nimekata.

"Mmesikia kuanzia wapi?"

"Kuanzia 'hapa ni Eliisa.'"

"Na la fundo?"

Gaaba alikuwa anatazama mfuko wangu, ambako kipande cha kamba nyekundu kilikuwa kinaning'inia. Akakivuta, akakichomeka chini ya usukani mahali pake, akageuza ufunguo.

Injini ikawaka.

Kumbe kamba ile ikichomoka injini huzimika, na nilikuwa nayo mfukoni muda wote ule.

Gaaba alitutoa polepole, amesimama nyuma ya kiti, mikono ikipita juu ya mabega ya mtoto. Ukungu ulikuwa umekaa mle ndani tu, nje anga ilikuwa safi. Helikopta iliyoitwa kwa redio ikatukuta kwenye ufuko wa kokoto kwenye mdomo wa hori. Salik akachukuliwa kupelekwa hospitali, jicho lake likinifuata hadi mlango ulipofungwa.

Yaliyobaki niliyasikia kwa Arnaq.

Sauti yangu ilijaa kila jikoni. Hakuna aliyeweza kunijibu, kwa hiyo walihamia mkondo mwingine wa redio wakawa wanapanga huko, na nyumba chache zikabaki kunisikiliza mimi na kupeleka habari. Boti zote zilikuwa zinazunguka upande wa visiwa, maana nilisema tumegeuza, sikusema tumegeukia wapi. Mahori ni mengi, ukungu ni mzito. Wangeanza na lipi?

Nilipotaja mbwa wa jiwe, hakuna aliyemjua. Miamba inayofanana na mbwa pwani ile haina idadi. Nilipotaja boti kupotea, wakazidi kupotea wao, kwa sababu kila mtu alijua ile boti ilipotelea visiwani.

Ndipo Gaaba, akiwa jikoni kwake na kikombe mkononi, akaingia kwenye mkondo ule mwingine, pwani nzima inasikia.

"Najua walipo."

"Unajuaje, mzee?" kijana aliyekuwa anapanga boti akamuuliza.

"Kwa sababu fundo lile nilifunga mimi."

Hakusema zaidi. Alitaja hori, akaiacha redio yake inaongea, akatoka na ndala zake.

Arnaq aliponisimulia nilimwambia arudie. Siri aliyoifunga ujana wake wote na uzee wake, aliifungua kwa maneno yasiyojaza kijiko, na hakungoja hata kuvaa viatu.

Salik alirudi. Mkono wa kushoto haushiki sawasawa na maneno yanamjia kwa zamu, lakini ni yeye. Anaendesha akiwa amekaa, na bintiye amehamia pajani kwake. Mimi bado nakaa kwenye sanduku, ila sasa najua kamba nyekundu ni ya nini, na nauliza jina la kila kitu.

Siku tulipoita watu kwa kahawa kumshukuru Mungu, Gaaba alifika wa mwisho. Alisimama mlangoni. Nilijua anaogopa kuchekwa. Na alichekwa. Mikaline alisema, "Jamani, mlango ufungwe, ila asifunge Gaaba." Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko.

Gaaba alicheka mpaka akajipangusa macho. Baadaye, tunaosha vikombe, akaniambia, "Shemeji, sikujua kuchekwa ni kwepesi hivi. Ningeuchukua utani ule zamani nimpunguzie."

"Hakutaka kupunguziwa," nikamwambia. "Ulikuwa rafiki yake."

Nilimuuliza na mtoto. Nilisubiri siku nzuri, nikampa kahawa ya maziwa mama yake asione.

"Mume wangu, siku ile kwa nini ulisema twende kule?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia kitu kikubwa.

"Kulikuwa na jua," akasema. "Kisiwani kulikuwa na kivuli."

Basi.

Ndipo nikajifunza, na uzee huu. Jina hubeba upendo, halibebi ramani. Mpende mtoto kwa jina alilopewa, mpe ini la kwanza, mpe na kiti. Lakini njia muulize anayeiona bahari, na ukigeuza, mwambie mtu.

La pili ni la kwenu nyote mnaosoma mkiwa na mzigo. Niliamini nimeachwa, kumbe kila jikoni pwani ile kulikuwa na mtu amesimama, kikombe kimepoa mkononi, ananiitikia. Sikuwasikia kwa sababu nilikuwa nimebonyeza. Sema shida yako, iseme yote, halafu achia kidole. Usikilize.

Siku hizi kila jioni, tukimaliza kula, naichukua redio ya nyumbani. Nabonyeza, nasema, "Hapa ni Eliisa. Nahodha ameoga, analala. Usiku mwema."

Kisha naachia.

Wanajibu mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, hadi kaskazini. Mikaline anajibu. Arnaq, aliye chumba cha pili, anajibu kwa kunitania. Gaaba hungoja wote wamalize.

"Usiku mwema, shemeji. Mwambie nahodha boti nimeifunga. Mara mbili."